Nitamwambiaje binti yangu kwamba ninaishi na VVU?

"Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini mkoani Lindi. Niligundulika kuwa na VVU mwaka 2017 nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, nikaanzishiwa dawa siku hiyohiyo, na mpaka leo sijawahi kuziacha. Mtoto huyo na mdogo wake walifuatiliwa kliniki mpaka wakafikisha miezi 18 na wote wako salama. Mkubwa ni binti wa miaka 13, yuko darasa la saba. Yeye sikumpimisha, kwa sababu nilimzaa kabla sijajua hali yangu, na hajawahi kuugua sana. Kopo langu la dawa nalificha ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, nimelijaza pamba ili vidonge visigonge. Mwezi uliopita alilikuta, akaniuliza ni dawa za nini, nikamjibu za presha. Hakusema neno, lakini tangu siku hiyo naona ananitazama kila ninapokohoa. Baba yao alishaondoka. Mdogo wangu wa kike ndiye pekee anayejua. Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wao na mwenye kauli juu ya watoto, hajui. Mwaka huu binti anaingia unyagoni. Naogopa nikimwambia atayatoa huko, au atanidharau, au ataacha kusoma akiwaza kwamba nitakufa. Nisubiri akue, au nimwambie? Na huyu wa miaka 8 je?"

Dada yangu, katika barua yako yote, sentensi iliyonikalisha muda mrefu ni ile ya binti anayekutazama unapokohoa. Unauliza kama umwambie au usubiri, lakini binti huyo ameshaanza kujijibu mwenyewe. Amekuta kopo limefukiwa kwenye unga na kushindiliwa pamba. Dawa za presha hazifichwi hivyo. Za bibi yake zingekaa dirishani na kila mgeni angeelezwa habari zake. Kwa hiyo uliposema ni za presha alijifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba mama anaumwa, na kwamba ugonjwa wenyewe hautajwi. Mtoto wa darasa la saba ameshafundishwa shuleni habari za UKIMWI, na hakosi kuunganisha.

Watu wengi hudhani kwamba asiyeambiwa hawazi. Katika miaka niliyokaa na akina mama kwenye chumba cha ushauri nasaha hapa Kusini nimeona kinyume chake. Mtoto asiyepewa maelezo hujitungia ya kwake, na mara nyingi hayo aliyojitungia huwa mabaya kuliko ukweli, kwa sababu mtoto hujiweka yeye katikati ya kila jambo linalotokea nyumbani. Nimewahi kuzungumza na mvulana wa miaka 10 aliyekuwa ameamini kwa mwaka mzima kwamba mama yake anameza dawa kwa sababu yeye alizaliwa kwa upasuaji. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa bidii isiyo ya umri wake, na watu wakimsifu kwa adabu, kumbe alikuwa analipa deni ambalo halikuwapo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilishauri kwamba watoto waliofikia umri wa shule waelezwe hali ya VVU ya wazazi au walezi wao, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogokidogo kwa kadiri ya uelewa wao. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uliandaliwa mpango unaoitwa Amagugu, maana yake hazina, mahsusi kwa akina mama wa hali kama yako: mama anaishi na VVU, mtoto wa shule ya msingi hana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba akina mama wakiandaliwa na kusindikizwa na mshauri, wengi zaidi wanaweza kuwaambia watoto wao. Neno la kushika hapo ni kuandaliwa. Kumwambia mtoto kwa sababu umebanwa na swali, huku unatetemeka, si sawa na kumwambia siku uliyoichagua.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba umwambie, na usisubiri akue. Hata hivyo kuna jambo ulilolipita kwa sentensi moja, nami siwezi kulipita.

Binti yako hajapimwa. Umeandika kwamba hajawahi kuugua sana, na ninaelewa kwa nini hilo linakupa utulivu, lakini afya ya macho haitoshi kuwa kipimo. Ni kweli kwamba bila matibabu karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, hivyo mtoto aliyefika miaka 13 akiwa mzima anatupa tumaini la kweli. Lakini wapo watoto ambao maambukizi yao hutembea polepole, wakafika umri wa kubalehe wakiwa wamedumaa kidogo tu au wakisumbuliwa na ngozi na masikio, na hakuna aliyewaza VVU. Wewe huna tarehe ya maambukizi yako. Una tarehe ya kugundulika tu. Ulipogundulika binti alikuwa na miaka minne au mitano, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba wakati wa mimba yake na wa kumnyonyesha ulikuwa salama. Kipimo ni cha dakika chache na ni bure. Wahudumu wa CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU, wanaufahamu utaratibu wa kupima watoto wa mteja wao, na kama hawakukuuliza habari za mkubwa, waulize wewe.

Ni kipi kitangulie, kupima au kuzungumza? Washauri hatukubaliani wote katika hili, nami nakupa maoni yangu. Akiwa na dalili zinazotia shaka, kama kupungua uzito, kikohozi kisichoisha, homa za mara kwa mara au utando mweupe mdomoni, asisubiri mazungumzo, apelekwe kituoni wiki hii. Akiwa mzima kama unavyomweleza, zungumza naye kwanza juu ya hali yako, mpe siku kadhaa, kisha mwende kupima pamoja akijua anapimwa nini na kwa nini. Binti wa miaka 13 akidanganywa kwamba anapimwa malaria, halafu akajua baadaye, atakuwa na uongo wa pili juu ya ule wa presha, na huo hautamtoka haraka. Kisheria bado anahitaji ridhaa yako: marekebisho ya mwaka 2019 ya sheria ya UKIMWI yaliushusha umri wa mtu kujiamulia kupima kutoka miaka 18 hadi 15, naye hajaufikia. Lakini ridhaa yako isiizime ya kwake. Na kama majibu yatakuja yasivyotarajiwa, ataanza dawa siku hizohizo, na yaelekea itakuwa kidonge kilekile unachomeza wewe, na atakuwa na mama aliyekwisha kuijua njia. Siku chache kati ya mazungumzo na kipimo ni kwa ajili hiyo: asije akapokea habari mbili nzito kwa asubuhi moja.

Sasa nirudi kwenye hofu zako, nikianza na ile ya kifo, kwa kuwa ndiyo inayomfanya akutazame unapokohoa. Alichojifunza shuleni ni kwamba UKIMWI hauna tiba. Ambacho huenda hakukishika ni kwamba VVU na UKIMWI ni vitu viwili, na kwamba kati ya hivyo viwili imesimama dawa. Lugha yetu imetupa neno linalofundisha lenyewe: dawa za kufubaza. Binti anajua nguo iliyofubaa. Kitenge kilichofuliwa na kuanikwa juani miaka mingi hakijageuka kuwa kitu kingine, ila rangi yake imekosa nguvu. Dawa zinavifanyia virusi hivyohivyo: haziviui, zinavizuia kuzaliana mpaka vinakuwa vichache kiasi kwamba kipimo hakivioni, na askari wa mwili wanapata nafasi ya kuongezeka tena. Dawa ikiachwa virusi vinaamka, na ndiyo sababu ya kumeza kila siku hata mtu akiwa na nguvu za kulima. Mtoto akielewa hivyo, kidonge anachokiona kila jioni kinaacha kuwa alama ya ugonjwa, na anaelewa kwamba ndicho kinachomweka mama yake mzima.

Kabla ya kuyasema haya, nenda kliniki uulize majibu ya mwisho ya kipimo chako cha wingi wa virusi. Hukuyataja, na akina mama wengi huchukua dawa mwaka hadi mwaka bila kuyauliza. Wakikwambia ni chini ya 50, yaani nakala za virusi katika mililita moja ya damu, utakuwa na jambo la kweli la kumwambia mtoto: nimepimwa, virusi vimefubaa. Wakikwambia vimepanda, basi hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Na hilo kopo, nakuomba ulitoe kwenye unga. Lihifadhiwe mahali pakavu, na pamba si ya lazima kwa mtu ambaye mtoto wake ameshajua.

Hofu ya pili ni kwamba atayatoa nje, na hapa hofu yako ina msingi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta maambukizi Njombe yakiwa asilimia 11.4 ya watu wazima, huku Lindi yakiwa chini ya asilimia 1. Mtu angedhani kwamba palipo na wagonjwa wachache pana unafuu, lakini anayeishi na VVU mahali ambapo hamjui mwenzake hubeba siri nzito zaidi, na neno moja likitoka husimama juu yake peke yake. Sitakudanganya kwamba hakuna mtoto aliyewahi kusema.

Lakini tazama tunavyowalea watoto wetu. Binti yako anakwenda unyagoni, atafundwa na makungwi mambo ambayo hataruhusiwa kumwambia kaka yake, wala rafiki yake ambaye hajaingia, wala mwanamume yeyote, na atayatunza mpaka anazeeka. Wavulana wetu wanatoka jandoni na umri mdogo kuliko huo, na hakuna mama aliyewahi kuambiwa yaliyosemwa kule. Jamii inayomkabidhi mtoto wa miaka 10 au 13 mambo ya namna hiyo haiwezi kusema kwamba mtoto huyo hana kifua. Anachohitaji ni kuonyeshwa mpaka ulipo. Kwa hiyo usimwambie "usimwambie mtu yeyote," maana hapo unamfungia ndani peke yake, na mzigo usio na pa kutuliwa ndio unaomtoka mtoto mahali pasipostahili. Mwambie nani anaweza kuzungumza naye: wewe, mama yake mdogo, na mshauri wa kliniki. Mwambie pia kwamba hili si la aibu, ni la ndani, kama mambo mengine ya nyumba yasivyosemwa kisimani. Kungwi hana haja ya kulijua.

Kuhusu kukudharau, kinachomuumiza mtoto wa umri huu mara nyingi si virusi, ni uongo. Kwa sababu hiyo sehemu ngumu ya mazungumzo yako itakuwa kuliondoa lile neno la presha. Wazazi wa kwetu hatujazoea kumwomba mtoto radhi, na naamini ndiyo maana radhi hiyo ina uzito mkubwa pale inapotoka. Unaweza kusema hivi, kwa maneno yako: "Mwanangu, siku ile uliniuliza habari za kopo nikakwambia ni dawa za presha. Sikukwambia ukweli, nisamehe; niliogopa. Mimi ninaishi na virusi vya UKIMWI. Niliambiwa nilipokuwa na mimba ya mdogo wako. Nameza kidonge kimoja kila siku na virusi vimefubaa. Siumwi. Wewe huwezi kuvipata kwa kula na mimi wala kulala na mimi, wala hujafanya lolote la kunisababishia. Uliza unachotaka." Halafu nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wengi. Wanaendelea kueleza mpaka mtoto anakosa pa kuingilia.

Akiuliza uliupataje, hulazimiki kumweleza maisha yako ya unyumba. Sema kwamba hayo ni ya watu wazima, utamweleza akiwa mkubwa zaidi, na kwamba hukuyatafuta. Usimtaje baba yao kwa ubaya siku hiyo, hata kama una haki ya kumlaumu. Mtoto ataona nusu yake mwenyewe inatukanwa.

Mama mmoja niliyemwandaa alichagua kumwambia binti yake wakati anamsuka. Walikuwa uani juu ya mkeka, kichwa cha mtoto kimelala kwenye goti la mama, nusu ya nywele imeshasukwa. Alisema maneno yake akiwa ameshika chanuo. Binti hakugeuka, alinyamaza mpaka mistari miwili ikaisha, kisha akauliza, "Kwa hiyo kesho utakwenda shamba?" Mama akajibu atakwenda. "Basi malizia." Mama huyo alikuja kwangu akilia, akidhani mtoto hakujali. Nilimweleza kwamba mtoto alikuwa ameuliza swali moja tu alilolihitaji, yaani kama kesho itafanana na jana, akapata jibu, akaomba nywele zimaliziwe ili jana iendelee. Maswali mengine yalikuja baada ya wiki mbili, usiku, mojamoja. Nakupendekezea nafasi kama hiyo, ya mikono kuwa kazini na macho kutolazimika kukutana, iwe kusukana au kuokota korosho mkiwa wawili. Usifanye wiki ya mtihani wa Septemba, wala siku za kumwingiza au kumtoa unyagoni, wala msimu ambao nyumba imejaa ndugu.

Wapo akina mama wanaotaka nesi au mama mdogo aseme kwa niaba yao. Si vibaya mdogo wako akiwepo, hasa kama unahofia kushindwa kumaliza, lakini neno lenyewe ningependa litoke kinywani mwako. Likitoka kwa mwingine, mtoto huanza kuhesabu ni nani walijua kabla yake. Habari za mjomba ni tofauti. Najua nafasi yake kwetu, na najua utaona kama unamruka. Hata hivyo hali yako ya afya ni yako, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo na kukataza unyanyapaa. Hakuna mila inayokulazimisha kumpa taarifa kaka kabla ya mtoto. Kama ni mtu wa busara, baadaye utamhitaji, kwa sababu ukipata safari au ukalazwa yeye ndiye watakayemkimbilia. Kama ni mtu wa hasira, mwache. Utamjua wewe kuliko mimi.

Tahadhari moja baada ya kumwambia: watoto wengi, hasa mabinti wakubwa, hujipa kazi ya kumlinda mama. Atakukumbusha kidonge mara moja, utashukuru. Akianza kukuhesabia vidonge, kukataa kwenda kucheza, au kuamka usiku kusikiliza kama unapumua, amebeba kisicho chake. Mrudishe kwenye utoto wake kwa upole, na saa ya dawa ikumbushwe na simu yako.

Huyu wa miaka 8 mpe ukweli mdogo usiohitaji kufutwa baadaye: mama ana vidudu kwenye damu, anameza dawa ili vilale, yuko mzima, na dawa hizo haziguswi na mtoto. Jina la ugonjwa linaweza kumfikia mwaka mmoja au miwili ijayo, akianza kuuliza, na usimtwike dada yake kazi ya kumficha kwa muda mrefu. Wa mwisho bado hana swali. Wembe wako uwe wako na wao wawe na wao, hilo halihitaji maelezo yoyote.

Zipo hali ambazo ningekuomba usiseme lolote kwanza mpaka umekaa na mshauri uso kwa uso: kama nyumbani kuna anayekupiga au kukutishia, kama wewe mwenyewe bado huwezi kulitamka neno bila kuvunjika, au kama binti yuko katika huzuni nyingine nzito. Na baada ya kumwambia, huzuni ya siku chache, ukimya au hata hasira ni vya kawaida. Lakini akiendelea zaidi ya wiki mbili au tatu kukataa chakula au shule, akianza kukojoa kitandani, akijitenga na wenzake, mlete kwa mshauri wa CTC au afisa ustawi wa jamii. Akisema anatamani kufa, usisubiri hata siku moja. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haikatwi pesa, na mama pia anaweza kuipiga.

Tarehe yako ya kuchukua dawa ikikaribia, nenda peke yako, ukiwa na maswali mawili tu: majibu ya wingi wa virusi, na siku ambayo mshauri atakuwa na nafasi ya kukaa na wewe nusu saa. Mweleze kuhusu lile kopo na lile neno la presha kama ulivyonieleza mimi. Mara ya pili, shule ikiwa imefungwa, nenda na binti.